Jinsi ya kuwaonyesha ndugu zako Planes, Trains and Automobiles (na kwa nini usiseme kitu kuhusu lile sanduku)

Huu mwongozo ni wa wewe ambaye ushaiona Planes, Trains and Automobiles na sasa unataka kuwakalisha watu wako sebuleni waione kwa mara ya kwanza. Kama bado hujaiona ishia hapa, kaitafute, iangalie usiku mmoja ukiwa umetulia afu urudi, maana huko chini nataja kila kitu mpaka mwisho, na hii ni muvi ambayo ukishaambiwa mwisho wake umeibiwa kitu na hakirudi tena.

Mimi kila Desemba nawawashia ndugu zangu Dar, siku mbili tatu kabla hatujapanda basi la kwenda Rombo, nyumba imejaa mabegi na mafuta ya kula na mchele wa kupeleka kwa wazee, na nimeshaona inawapata watu na nimeshaona inapita tu kama kichekesho cha kawaida, watu wanacheka wanaenda kulala. Tofauti haiko kwenye muvi. Iko kwa yule aliyeshika rimoti, kasema nini mwanzoni, katafsiri vipi, kanyamaza wapi. Kwaiyo nitakueleza ninavyofanya mimi.

Anza na siku. Usiiwashe Krismasi yenyewe, siku hiyo watu wameshiba, watoto wanakimbia, simu zinaita, hakuna atakayeangalia uso wa mtu. Iwashe kabla ya safari, wakati kila mtu anawaza tiketi na foleni ya stendi na kama basi litaondoka kweli saa kumi na moja alfajiri kama walivyosema. Muvi hii inamhusu mtu ambaye hana kingine anachotaka duniani isipokuwa kufika nyumbani, na mtu anayepanga kusafiri kesho kutwa hahitaji kuelezewa hiyo hamu, anayo tumboni tayari. John Hughes mwenyewe aliyeiandika, kuiongoza na kuizalisha aliitoa kwenye safari yake halisi, enzi hizo anaandika matangazo ya biashara Chicago, alikuwa anarudi kutoka New York ndege ikashindwa kutua ikamtupa Wichita, Kansas, na ikamchukua siku kadhaa kufika kwake. Na ilivyotoka ilitoka tarehe 25 Novemba 1987, Jumatano, yaani kesho yake ni Thanksgiving, watu wa kule wenyewe wakiwa na mabegi mkononi.

Halafu nakala. Tafuta ile iliyoonyeshwa sinema, ina kama dakika 93 hivi. Nasema hivi kwa sababu Hughes alipiga picha nyingi mno, mkato wa kwanza ulizidi masaa matatu, wakakaa wakapunguza wakapunguza, na mwaka 2022 vipande zaidi ya saa nzima vilivyokatwa vikatolewa kwenye diski. Ni vizuri, mimi nimeviangalia, ila ni vya baadaye, mgeni umpe ile fupi. Kama unaishusha ishushe mapema ukiwa na bando la maana, jaribu sauti na maandishi ya chini, angalia na LUKU ina yuniti ngapi, maana umeme ukiisha wakati wapo kwenye treni ya mwisho huwezi kurudisha kile kilichokuwa kinajengeka chumbani, nakuomba sana hili ulichukulie kwa uzito.

Sasa cha kuwaambia kabla. Maneno machache tu, dakika mbili usizidi.

Waambie Thanksgiving ni nini. Ni Alhamisi ya nne ya Novemba, Wamarekani wote wanarudi kwao, wanakula bata mzinga mezani na familia. Kwetu mimi nasema hivi, ni kama Krismasi kwa Mchaga, unaweza usionekane mwaka mzima ila siku hiyo usipokuwepo patakuwa na maneno. Basi wameelewa, na wasio Wachaga pia wameelewa kwa sababu wameishi na sisi.

Waambie na umbali. New York mpaka Chicago kwa ndege ni kama masaa mawili na nusu, safari ya jioni moja, unaondoka kazini unalala kwako. Ila hii ndege ya kwenye muvi inapita juu inaenda kushushwa Wichita, zaidi ya kilomita 900 mbele ya Chicago. Mimi huwa nawaambia ni kama umekata tiketi Dar unaenda Mwanza afu unashtuka uko Kisangani. Hapo huwa wanacheka na muvi bado haijaanza.

Waambie ni 1987, hakuna simu ya mkononi, ukitaka kumwambia mkeo umechelewa unatafuta kibanda cha simu, na kadi ikiungua imeungua, hakuna pesa kwenye simu ya kukuokoa. Wadogo hawa wa sasa wasipoambiwa hili watakaa muvi nzima wanauliza kwa nini asipige.

Na kingine, waambie huyu jamaa mnene anauza nini, maana wengi linawapita. Del Griffith, aliyechezwa na John Candy, anauza zile pete za plastiki za kuning'inizia pazia la bafuni. Ndo kazi yake, anazunguka nchi nzima na hizo pete. Wenye nyumba za siku hizi wanazijua, wengine nenda bafuni kachomoe moja uwaonyeshe, mimi nilifanya hivyo na ilizunguka mkono kwa mkono sebule nzima. Baadaye yeye na mwenzake wa safari wakifika kituo cha basi St. Louis hawana hela, Del anaanza kuziuza zilezile pete kama hereni, na kila mteja ana hadithi yake mpya, huyu anaambiwa hivi, yule anaambiwa vile, na zinaondoka. Kama mtu ameshaishika hiyo pete mkononi mwake kile kipande kinamchekesha mara mbili, na pia anaanza kumheshimu Del, kwa sababu yeyote aliyewahi kutembeza bidhaa juani anajua kile ni kipaji.

Usiwaambie kitu kingine. Hasa usitaje sanduku. Usiseme "angalieni hilo sanduku", usinyooshe kidole, usitabasamu likitokea.

Maana sanduku ndo muvi yenyewe. Lile kubwa la Del, la kukokota, lenye pembe. Linatokea dakika za mwanzo kabisa, Neal Page, yule wa matangazo aliyechezwa na Steve Martin, anakimbizana na mtu mwingine barabarani New York wagombee teksi moja, na anajikwaa kwenye sanduku ambalo hajui ni la nani, anaanguka, teksi inaondoka. Watu wanacheka, wanasahau. Na mwandishi anataka wasahau. Baadaye treni inakufa porini Missouri, abiria wanashuka wanatembea shambani na mizigo yao, Neal ana begi lake dogo anajiendea, anageuka nyuma anamwona Del peke yake anaburuta lile sanduku kwenye majani, anasimama, unamwona kabisa anapigana na nafsi yake, afu anarudi anashika upande wa pili. Hakuna neno linalosemwa pale. Baadaye tena wamekosakosa kufa barabarani usiku, wanakaa juu ya lilelile sanduku pembeni ya njia wanapumua. Na mwisho wa yote wanatembea wawili kwenye mtaa wa kistaarabu, nyumba nzuri, wamelibeba huyu huku huyu kule, kuelekea kwa Neal.

Mtu anayeenda kazini siku mbili hatembei na sanduku kama lile. Ila huwezi kuliwaza hilo kwa sababu uko bize kucheka, na ndo ufundi wenyewe.

Nifike kwenye kutafsiri sasa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoharibu mara moja na sitaki uharibu.

Nyumbani kwetu kuna shangazi ambaye Kiingereza hakimpandi, kwaiyo mimi huwa nakaa naye kochi moja namtafsiria chinichini. Wale waliokulia kwenye vibanda umiza wanakumbuka mkanda wenye mtafsiri, anaongea juu ya kila mtu, anaongeza na vyake, na tuliwapenda. Lakini kwa muvi hii usifanye vile. Vichekesho vingi havihitaji mdomo wako. Asubuhi wanapoamka kwenye kitanda kimoja wamekumbatiana na kumbe mkono wa mmoja hauko kati ya mito kama alivyodhani, wakaruka wakaanza kuongelea mpira kwa sauti nzito, shangazi alicheka mpaka akatoa miwani na sikuwa nimetamka silabi. Ndege Del akivua viatu na soksi, hakuna cha kutafsiri. Gari linaenda upande usio wake wa barabara kuu, watu wa gari lingine wanapiga kelele mnaenda njia siyo, na Del anauliza wao wanajuaje sisi tunaenda wapi, hiyo moja itafsiri haraka, sentensi moja, afu nyamaza waone malori mawili yanavyokuja.

Ugumu uko moteli ya Wichita. Chumba kimoja, kitanda kimoja, Neal kachoka, na analipuka. Anamwambia Del kwamba hadithi zake hazina kichwa wala miguu, kwamba kumsikiliza ni adhabu, anaendelea na kuendelea, na mwanzoni watu sebuleni wanacheka kwa sababu kweli Del anachosha. Afu kamera inakaa usoni kwa John Candy. Kaa kimya hapo. Usicheke, usitafune bisi, wenzako watanyamaza wenyewe mmoja mmoja maana wataona ule uso unavyoshuka, hajibu, anapokea tu, kama mtu ambaye ashawahi kuambiwa haya maneno na watu wengine kwenye vyumba vingine. Mpaka Neal amalize. Ndo Del anamjibu, kwa upole kabisa, kwamba kama unataka kuniumiza endelea, mimi ni shabaha rahisi, lakini mimi najipenda. Mke wangu ananipenda. Wateja wangu wananipenda.

Pale "mke wangu ananipenda" ndipo nilipoteleza. Mwaka wa pili namtafsiria shangazi, mimi mwisho naujua, mdomo ukaniponyoka nikasema "mke wangu alinipenda". Herufi mbili hizo. Shangazi akanigeukia, hakuangalia tena tivii, akaniuliza taratibu, "Alinipenda? Kwani mkewe yuko wapi?" Nikajidai sijasikia. Akarudi kuangalia skrini, ikapita kama dakika nzima, akasema kama anaongea peke yake, "Ndo maana anatembea na sanduku lote lile." Shangazi mwenyewe ni mjane. Alifiwa kabla mimi sijaanza shule. Aliiangalia muvi iliyobaki yote akijua, na wengine hawakujua, na kila Del akifanya ujinga wenzake wanacheka yeye anasema pole baba.

Kwaiyo tafsiri kwa wakati uliopo. Ananipenda. Marie anasema, Marie anapenda, hivohivo anavyosema Del mwenyewe, maana yeye ndo anavyoishi, mkewe kwake bado yupo, picha yake kwenye fremu inatoka sandukuni inakaa pembeni ya kitanda cha moteli. Kiswahili chetu kinakuanika haraka sana kwenye nyakati, Kiingereza kinaweza kujificha lakini sisi "na" ni "na" na "li" ni "li", chunga.

Kama kuna watoto, kuna sehemu moja ya kujiandaa, na utaijua mapema. Neal amekodi gari St. Louis, basi dogo la kampuni linamshusha uwanjani yalipo magari, la kwake halipo, basi limeshaondoka, anatupa ile karatasi ya mkataba chini kwa hasira na anarudi kwa mguu kwenye theluji mpaka ukumbini, anafika amelowa, na dada wa kaunta yuko kwenye simu anapanga na ndugu yake chakula cha sikukuu. Dada akiweka simu chini na kutabasamu, hapo bonyeza sauti izime. Ni kama dakika moja hivi, tusi moja zito linarudiwa karibu mara 20, na dakika hiyo ndo iliyoipa muvi alama ya R kule Marekani, yaani mtoto haiangalii bila mkubwa. Wewe sema tu "anamgombeza kwa sababu gari hakulikuta". Rudisha sauti yule dada anapomuomba ile karatasi ya mkataba. Kaitupa. Hapo sebule yote inaumia naye, hata mtoto wa miaka minane anaelewa. Ila dada ana jibu la mwisho lenye tusi lilelile, kwaiyo kidole kisiondoke kwenye rimoti. Kwa watu wazima acha iende, ni Steve Martin kwenye kilele chake, kila neno limepangwa kama ngoma.

Kusimamisha kwa ajili ya chakula. Simamisha wakiwa kwenye basi, baada ya abiria kuimba. Kile kipande cha kuimba wasikikose, Neal anaanzisha wimbo wa zamani wa kistaarabu na basi zima linamkodolea macho, Del anaokoa kwa wimbo wa katuni na kila mtu anaujua. Mpe kila mtu sahani yake hapo. Baada ya St. Louis usisimamishe tena. Yaani mtu akitaka kwenda chooni aende, muvi iendelee, kwa sababu kuanzia Del anaposhika usukani usiku ni mteremko mmoja mpaka chini, gari, malori, sigara, moto, kadi za Neal zimeungulia ndani, na hilo gari walilonalo, Chrysler LeBaron la kijani lililokuwa na mbao za urembo ubavuni, linabaki mifupa na bado wanaliendesha.

Kuna moteli ya pili. Ni sehemu ambayo wengi hawaitaji na kwangu ndo moyo wa muvi. Neal kapata chumba kwa kutoa dola chache na saa yake ya mkononi, Del hana cha maana cha kutoa, kaambiwa hapana, yuko nje kwenye lile gari lisilo na paa, theluji inamwangukia mabegani. Na anaongea na Marie. Anamwambia ulikuwa sahihi, mimi ni msumbufu, nikikutana na mtu ninayempenda namzidishia mpaka namchosha, natamani ungekuwa hapa sasa hivi. Mgeni wa kwanza anadhani anamuongelea mke aliyepo Chicago. Tafsiri maneno hayo yote, polepole, usiruke hata moja, ila usiongeze. Kisha Neal anachungulia dirishani anamwona. Anamfungulia. Ndani wanakunywa zile chupa ndogondogo, wanagonga glasi kwa ajili ya wake zao, na Del anasema neno upendo halitoshi kwa anavyojisikia kuhusu mke wake.

Watu wananiuliza kwa nini muvi ya 1987 bado inarudiwa kila mwaka, na wengine wanajibu ni kwa sababu ndege bado zinachelewa na foleni ni zilezile. Kweli zinachelewa. Lakini muvi za safari mbovu ziko nyingi na nyingi zimesahaulika. Roger Ebert, mhakiki wa magazeti wa palepale Chicago, aliiweka kwenye orodha yake ya filamu kubwa mwaka 2000, na ninavyoona mimi ni kwa sababu Hughes aliandika hadithi mbili kwenye karatasi moja. Ya juu ni ya Neal anayewahi nyumbani. Ya chini ni ya mtu asiye na nyumbani pa kuwahi, anayemsindikiza mwenzake apate kufika, na anachekesha njia nzima ili asiulizwe. Ukiijua ya chini, ya juu haiharibiki, kila kichekesho kinabaki kichekesho na kinapata uzito. Muvi ngapi unaweza kuziangalia mara ya kumi ukakuta mhusika amebadilika wakati hajabadilika.

Haya, treni ya mwisho. Wamefika Chicago nyuma ya lori la friji, wameagana kituoni kama wanaume, Neal amepanda treni ya mjini ya kwenda kwake, amekaa, anatabasamu peke yake. Anaanza kukumbuka. Anacheka. Kisha kicheko kinakata. Hapa zima kila kitu, feni kama ina kelele zima feni, usimwangalie mtu yeyote usoni kutaka kujua kama ameelewa. Muvi haina maelezo, inamwonyesha Neal tu akiunganisha, Del aliyesema hajafika nyumbani miaka, picha, maneno, uso. Macho ya Steve Martin ndo yanafanya kazi yote. Wapo watakaoelewa sekunde ileile na yeye, utasikia mtu anavuta pumzi gizani. Wapo watakaoelewa akirudi na kumkuta Del amekaa palepale kwenye kile chumba cha kusubiria, na sanduku. Anasema sina nyumbani, Marie alifariki miaka minane iliyopita. Hiyo ndo itafsiri sasa kwa "li". Umesubiri muvi nzima.

Nyumbani kwa Neal mkewe anashuka ngazi. Neal anasema anataka kumtambulisha rafiki yake. Mke anamsalimia, habari Bwana Griffith, kwa jina, na Del anamwitikia kwa adabu zote. Picha inaganda kwenye tabasamu la John Candy. Mcanada yule, alizaliwa 1950, alifariki tarehe 4 Machi 1994 akiwa na miaka 43 tu, akiwa Mexico kwenye kazi ya muvi nyingine. Watoto wakikuuliza wamemwona wapi, ni yule jamaa wa bendi kwenye Home Alone anayempa lifti mama yake Kevin, nayo Hughes ndiye aliyeiandika. Hughes alifariki 2009. Mwaka 2025 ilitoka filamu ya maisha ya Candy na wakaipa jina kutoka kwenye yale maneno ya moteli, mimi najipenda.

Usiwashe taa haraka na usizime tivii, mpaka majina yaishe. Baada ya majina kuna kipande kifupi, yule bosi mteja wa mwanzoni kabisa, aliyekuwa anakodolea macho picha za tangazo na kumchelewesha Neal ndege, bado yuko ofisini anakodolea zilezile na mabaki ya chakula cha sikukuu yako mezani kwake. Mara nyingi mimi ndo nabaki nakiona peke yangu kwa sababu watu wanafuta macho, lakini mdogo wangu mwaka jana alikiona akacheka kwa nguvu na hiyo ikawapa wengine ruhusa ya kuanza kuongea.

Ukitaka kuirudia, irudie mwaka unaofuata na watu walewale, usiku tofauti, na safari hii mwambie kila mtu amwangalie Del tu, Neal mwacheni. Waone anavyochelewa sekunde moja kila akiulizwa kuhusu kwao. Waone nani anasema "nyumbani" na nani hasemi.

Sisi mwaka huu tumepanga tarehe 19, basi letu ni la tarehe 21. Shangazi alipiga simu jana kuuliza mambo ya sukari na vitenge vya kupeleka, tukamaliza, akakaa kidogo kwenye laini, akaniuliza yule baba wa sanduku tunamwangalia lini.